Mama Aliporudi Bila Sauti

Wiki iliyopita jirani yangu alipulizia mikorosho yake salfa, nami nikafunga dirisha. Sikuwa na sababu ya kulifunga. Kifua changu ni kizima, na salfa nimeishi nayo miaka yote kama mtu mwingine yeyote wa huku kwetu: harufu yake ya njiti ya kiberiti iliyozimwa, vumbi lake la manjano linalobaki kwenye kola hata shati likifuliwa mara mbili. Lakini mkono ulikwenda wenyewe kwenye dirisha, na nilipolishika komeo nikagundua kwamba nimebana pumzi. Mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, tunamficha nani?" Nikamwambia anywe chai yake.

Swali lake lilinikaa. Watu wa rika langu waliokulia Naipingo wanajua kwamba mtoto anaweza kuuliza hivyo bila nia yoyote, na mtu mzima akakosa usingizi. Kwetu kulikuwa na mtu aliyefichwa kweli, msimu mmoja wa salfa, nilipokuwa darasa la tatu. Alikuwa mama yangu.

Mama aliitwa Somoe na alikuwa na sauti. Sisemi sauti nzuri, nasema sauti. Akiniita kutoka mlangoni, nilimsikia nikiwa ng'ambo ya bonde, na walionizunguka walimsikia pia, wakanicheka kwa sababu alikuwa hataji jina langu tu. Alitaja na kosa. Ngoma ya unyago haikuanza mpaka yeye afike, maana ndiye aliyeanzisha nyimbo na wenzake wakapokea. Bibi, mama yake, alizoea kusema kwamba alipomzaa Somoe mkunga aliziba masikio.

Mwaka huo, wakati wa palizi, jembe lilimkata kidole cha mguu. Kidonda kilikuwa kidogo, akakifunga kwa kitambaa na kuendelea kupalilia. Baada ya siku kama nane tulikuwa tunakula ugali jioni na yeye akawa anashindwa kufungua mdomo. Mimi nilicheka, nikidhani anaigiza. Naye akanitazama huku uso wake umekaza kwenye tabasamu moja, midomo imevutwa nyuma, na tabasamu lile halikuondoka. Nilidhani amefurahi. Bibi ndiye aliyeiona shingo yake ilivyokuwa imekakamaa, akaacha tonge kwenye sahani na kwenda kumwita mjomba. Kabla ya alfajiri mjomba alikuwa amemfunga mama kwa kanga kwenye baiskeli, akimsukuma kwenda barabarani kungoja lori la kuwapeleka hospitali ya misheni. Ilikuwa pepopunda. Baba hakuwepo, alikuwa Namungo, upande wa Ruangwa, akichimba dhahabu na wenzake, na habari zilimfikia baada ya wiki mbili.

Mimi nilibaki na bibi. Mtoto haambiwi kitu, anaokota. Mjomba aliporudi mara ya kwanza kuchukua unga na nguo, nilikuwa nyuma ya kihenge cha mtama, na nikamsikia akimweleza bibi habari za chumba ambacho mama alilazwa, chumba chenye giza ambamo watu walitembea pekupeku ili wasimshtue. Walikuwa wamemtoboa shingo na kupitisha mrija wa hewa. "Pumzi ilikatika mara mbili," mjomba alisema. "Wauguzi wakawa wanaminya mpira wa kumtia hewa. Wakichoka wao, naminya mimi."

"Kwa hiyo alikufa?" bibi aliuliza.

"Alikufa, mama. Wakamrudisha."

Nililibeba neno hilo miezi miwili bila kulionyesha kwa mtu.

Mama alirudi mwisho wa masika, juu ya lori lililobeba saruji. Walimshusha kama gunia la korosho, kwa kupokezana. Alikuwa mwembamba, nywele zimenyolewa, kitambaa cheupe shingoni. Nilikwenda kumwamkia na akaniita Bakari, jina la kaka yake aliyefariki kabla sijazaliwa. Na hilo jina hakulisema, alilikwaruza. Sauti ilikuwa kama mkeka unaoburutwa sakafuni. Niliitikia kwa sababu bibi alinifinya, lakini moyoni nilisema: huyu hanijui.

Sasa najua alivyokuwa. Watu waliofika mpakani namna ile wakarudishwa hurudi nusu, na nusu nyingine huja polepole au isije kabisa. Mikono yake ilitetemeka akishika kikombe. Alisahau kama amekula. Alikuwa hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Bibi akitaka kumfunga kanga, mama alimsukuma kwa nguvu ambazo hatukujua kwamba bado anazo, maana kule hospitali walimfunga mikono asiung'oe mrija, na tangu hapo kitu chochote kikimzunguka mwili kilimtia wazimu. Lakini wakati ule hakuna aliyetuambia kwamba kupona ni ugonjwa mwingine. Tulipewa vidonge kwenye bahasha na tukaambiwa asikae penye vumbi wala moshi.

Wiki tatu baadaye watu wakaanza kupulizia mikorosho.

Nyumba yetu ilizungukwa na mikorosho pande tatu, ya kwetu na ya watu. Mashine zilianza kunguruma alfajiri, wakati upepo umelala na majani yana umande, na wingu la salfa likashuka juu ya paa na kuingia kila penye upenyo. Siku ya kwanza mama alikohoa hadi midomo ikabadilika rangi. Kwa hiyo ikawa sheria: mashine zikisikika, mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa gunia lililoloweshwa maji, na mama anabaki ndani mpaka jua lipande na hewa itulie. Bibi alikuwa na shamba la kuangalia. Mjomba alikuwa na familia yake. Aliyebaki wa kukaa ndani na mama ni mimi, na shule nikaiacha.

Sijui nikielezeeje chumba kile. Kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi, ndoo, na mwanga mmoja mwembamba uliopita juu ya mlango. Joto lilikuwa la kunata. Gunia lilidondosha maji tone kwa tone. Mama alikuwa hawezi kuvumilia mlango uliofungwa, na ulikuwa lazima ufungwe, kwa hiyo alikaa sakafuni ameweka kiganja juu ya mbao zake, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akivuta hewa, koo lilipiga filimbi. Nililala chali nikahesabu filimbi zile, na zikinyamaza kidogo niliogopa, na zikiendelea nilizichukia. Nje nilisikia wenzangu wakipita kwenda shule. Nilikuwa na miaka tisa au kumi na niliamini kabisa kwamba nitazeeka ndani ya chumba kile.

Siku moja alianza kuniambia mambo ya hospitali, bila kuulizwa. Alisema kwa ule mkwaruzo wake, akipumzika kila baada ya maneno matatu. "Nilikuwa nawasikia wote. Nataka kusema nipo hapa, mdomo haufunguki. Giza. Nikajua wamenizika." Koo likapiga filimbi. "Mpaka leo, huo mlango ukifungwa, najua wamenizika."

Alikuwa ananieleza hofu yake. Mimi nilisikia kwamba alizikwa.

Kwetu kusini hakuna mtoto asiyejua habari za ndondocha. Mtu hufa, watu humlia na kumzika, kumbe mchawi alikwisha kumchukua. Humkata ulimi asiseme, humficha ndani mchana, humlisha pumba, humtuma kazi zake. Hakumbuki ndugu zake. Ukimwita jina haitiki. Niliwahi kusimuliwa habari hizi na mama mwenyewe, na wakati ule tulicheka.

Rafiki yangu Issa ndiye aliyelitamka. Tulikutana kisimani, mimi nimetumwa maji baada ya jua kupanda.

"Mama yako mbona haonekani?"

"Anaumwa."

"Mama yangu mimi akiumwa, kijiji kizima hakilali. Wako hata kikohozi hatusikii. Anaongea?"

"Kidogo."

"Kidogo namna gani? Ana ulimi?"

"Anao, we mjinga."

"Umeuona?"

Sikuwa nimeuona. Nilirudi na ndoo nusu, nikamkuta mama amekaa kwenye kizingiti anaota jua, nikamwambia, "Mama, nionyeshe ulimi." Alidhani ni mchezo. Pengine alifurahi kwamba nimetaka kucheza naye, maana sikuwa nimetaka tangu arudi. Akafumba macho na kuutoa ulimi wote, kama watoto wanavyofanya. Ulikuwa na kovu nene limekatiza pembeni, na kipande kidogo hakikuwepo. Aliuuma mwenyewe, siku zile taya zilipojifunga. Hilo niliambiwa baadaye sana. Siku ile niliona ulimi uliokatwa ukaungwa.

Nilimwambia Issa jioni hiyohiyo. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikimbia kumwambia, nikiwa na hofu lakini pia na raha fulani, kwa sababu kwa wiki nyingi sikuwa na kitu chochote ambacho mtoto mwingine angetaka kukisikia. Issa aliiweka ndoo chini.

"Anakula nini?"

"Uji."

"Nani anampa?"

"Bibi."

Kesho yake, habari ilipofika kwa watoto wengine, ulikuwa uji wa pumba. Keshokutwa yake ilifika kwa mama zao.

Nilidhani nasema habari za mama. Sikujua kwamba habari ya ndondocha siku zote ni habari ya mwenye kumfuga. Wanawake waliokuwa wanakuja kutwanga kwetu, maana kinu chetu kilikuwa kikubwa, waliacha kuja, na wa mwisho, Mama Issa, alikiazima kabisa na hakukirudisha. Msichana aliyekuwa akija kuchukua kaa la moto asubuhi alianza kupita njia ya mbali. Bibi akarudi kutoka kwenye msiba ambako hakuna aliyekaa naye mkeka mmoja. Alikuwa na mazoea ya kuniita mume wangu, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. "Mume wangu," aliniuliza, "watu wa kijiji hiki wamehama? Au ni mimi nimehama sijijui?" Nikasema sijui, bibi. Hapo nilijua kidogo.

Na nilipaswa kusema ukweli mapema, kwa sababu niliupata. Nilikuwa na funza kwenye kidole cha mguu, na mama akaniona nachechemea. Akachukua pini, akauweka mguu wangu kwenye paja lake. Mikono ilikuwa inatetemeka mno, akaniambia nimshike kifundo cha mkono ili utulie. Tukamtoa funza hivyo, mikono mitatu, huku yeye amekunja uso akipuliza kidonda. Alipomaliza akanifinya kidole kidogo cha mguu, kwa nguvu, hadi nikalia. Hiyo ilikuwa kodi yake. Tangu nina akili alinitoza kila akinitoa funza, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua. Akacheka bila sauti, mabega tu. Nikajua kwamba ni mama yangu, mzima, yumo humo ndani ya mwili ule kama mimi nilivyokuwa ndani ya chumba kile.

Nilijua, na sikwenda kwa Issa. Ningemwambia nini? Kwamba nilikosea? Angeniita mwongo mbele ya darasa zima, na darasani ndiko nilikokuwa natamani kurudi. Nilisubiri jambo liishe lenyewe.

Walikuja asubuhi, mashine zikiwa bado zinanguruma upande wa kusini na hewa ikiwa ya manjano. Mama alikuwa ndani. Bibi aliwaona wakikata kona, watu kama kumi, balozi wa nyumba kumi akitangulia na Mama Issa nyuma yake na Issa mwenyewe, na akaniambia toka, funga. Nikatoka, nikapiga komeo la nje. Ndani nikasikia kiganja kikigusa mbao.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Karibuni. Vigoda ni viwili."

"Hatukai," balozi alisema. Alikuwa mtu mpole, na nadhani hakupenda kuwa pale. "Tumekuja kumjulia hali Somoe."

"Hali mnamjulia kumi kwa mpigo?"

"Ni majirani."

"Majirani walikuwa wanakuja mmojammoja. Subirini salfa itulie, atatoka mwone."

"Kila siku salfa," Mama Issa akasema. "Na ikiisha itakuwa nini? Mvua? Mtoe nje tumwone, mama, kama ni yeye."

"Kama ni yeye," bibi akarudia polepole. Akawatazama wote, na nikaona ameelewa walichokifuata. Akaketi chini kwenye vumbi, palepale, miguu imenyooka mbele, kama mwanamke aliyeletewa msiba. Alianza kusema kitu kwa Kimwera, akaacha.

Balozi akanigeukia. Aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Wewe ndiye unashinda naye, mwanangu. Usiogope mtu. Huyu aliye humu ndani ni mama yako au si mama yako?"

Neno lilikuwa mdomoni. Nilimtazama Issa. Alikuwa ananitazama mimi, amekunja mikono, anangoja.

"Sijui," nikasema.

Nyuma yangu, ndani, kiganja kikaanza kupiga mlango. Hakikupiga kwa hasira. Kilipiga kama mtu anayegonga kwa jirani. Hakuna aliyesogea. Nilivuta komeo mimi, kwa sababu nilikuwa karibu, na mama akatoka.

Alitoka ameshika ukuta, halafu akauachia. Akakifungua kile kitambaa cha shingoni ili walione kovu, duara jekundu penye shimo la koo. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na kila mtu akaangalia chini.

"Balozi, shikamoo," akasema kwa mkwaruzo wake. Akavuta hewa, filimbi ikasikika hadi kwa wa mwisho. "Mama Issa. Kinu chetu utakirudisha lini?"

Mtu mmoja akacheka, kicheko cha kushtuka. Mama Issa akajifunika uso. Na mama, aliyekuwa amesahau hata jina langu, aliendelea kuwataja watu wale kwa majina yao, na kwa kila jina pumzi ikapungua, mpaka jina la tano au la sita halikutoka. Alipiga magoti. Mdomo ulikuwa wazi na hewa haiingii. Mama Issa ndiye aliyemfikia wa kwanza, akampakata kichwa na kupiga kelele wale wa mashine waambiwe wazime. Balozi alikimbilia baiskeli. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika komeo.

Hakufa. Hospitali walituambia kwamba pale mrija ulipopita, kovu lilikuwa limekua ndani na kuibana njia ya hewa, na kwamba haliondoki. Ataishi nalo, mbali na vumbi. Akipona vizuri, walisema, atafanya kazi nyepesi. Hakulima tena. Baba alirudi kutoka machimboni akatuhamishia Ruangwa mjini, kwenye chumba kisicho na mikorosho karibu, na mama akawa anauza chumvi na sabuni kwenye meza mlangoni. Mlango ulikuwa wazi mchana kutwa, hata mvua ikinyesha. Mikono iliacha kutetemeka baada ya mwaka wa pili. Majina yalirudi, langu likiwa mojawapo. Sauti haikurudi.

Bibi alikataa kuhama. Watu walimwamkia tena, kinu kilirudishwa, lakini hakuna aliyekuja kutwanga. Alifariki nilipokuwa kidato cha kwanza. Waliomwosha walikuwa wanawake watatu tu, katika kijiji ambacho yeye alikuwa ameosha karibu kila marehemu. Sikuwahi kumwambia kwamba habari ilianzia kwangu. Nadhani alijua, na hakuacha kuniita mume wangu.

Na mama naye, lile "sijui" langu hatukulizungumza. Nilikuwa naogopa kulianza, na kadiri miaka ilivyopita niliona kama limejizika.

Nilipokuwa kidato cha tatu shule iliwaita wazazi. Mama alikuja kwa miguu, akipumzika kila penye kivuli, na alipofika uwanjani nguo zilikuwa zimemgandia kwa jasho. Nilikwenda kumpokea. Mwalimu wa darasa, kijana aliyehamia karibuni kutoka Dar, alikuwa na daftari la kuandikisha wazazi, na alipomsikia mama akimsalimia kwa sauti ile, alishtuka kidogo, kisha akanigeukia mimi badala yake.

"Huyu ni nani yako?"

"Mama yangu," nikasema, kwa sauti ya kutosha, wenzangu wakisikia.

Mama akanitazama. Akavuta hewa yake. "Una hakika?" akauliza.

Mwalimu akacheka, akadhani nina mama mcheshi. Wenzangu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mama hakucheka, alikuwa ananingoja. Palikuwa na nafasi, fupi lakini ilikuwepo, na nilichofanya katika nafasi ile ni kwamba nilicheka pamoja nao. Akashusha macho, akachukua kalamu ya mwalimu, akaandika jina lake mwenyewe, polepole, kwa mkono ambao haukutetemeka.